Chupa ya Maji Niliyoiacha Mezani

Jumatano, wiki ya kwanza ya Juni, Nyakahanga. Ukungu ulikaa migombani hadi saa tatu asubuhi, kisha likatoka jua kavu lisilo na upepo. Sasa ni jioni na bado kuna mwanga wa kuandikia. Goti langu la kulia limevimba. Nimelinyoosha juu ya kigoda, na dada yangu Adelina amelifunga kitambaa chenye maji ya chumvi bila kusema neno. Kwa Adelina, kutosema neno ni hotuba.

Leo nimeendesha baiskeli kutoka hapa hadi kwa Bagenda, upande wa Kyerwa, na kurudi. Nina miaka sitini na minane.

Niandike kwa nini, kabla maumivu hayajanipa sababu nyingine.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kwa Bagenda kwa mara ya kwanza tangu nirudi kuishi huku. Nilikodi gari, nikavaa shati jeupe. Mimi na Bagenda tulikua pamoja, na tulipokuwa na miaka kama kumi na saba tulinywana: tulipasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akapaka punje yake damu yake kidogo, tukabadilishana, tukameza. Kanisani hawakupenda mambo hayo, kwa hiyo hatukumwambia mtu. Tangu siku ile yeye ni munywani wangu na mimi ni wake. Si undugu wa kuzaliwa, lakini huwezi kuuvunja kwa kuhama.

Mimi nilihama. Baba alipofariki, baba mdogo aling'oa miramula, ile mimea tunayopanda mpakani mwa vibanja, akaipanda upya pale alipopenda mpaka uwe. Mama alitukusanya tukaondoka. Nikaishia Dodoma. Nikawa bwana shamba wa zabibu, nikaoa huko, nikazika mke huko. Miaka arobaini na mitatu. Bagenda na mimi tuliandikiana barua mbili tu, zote mwaka wa kwanza.

Sasa ile ziara. Alinikaribisha ndani. Mke wake, Mama Kemi, akaleta kikapu kidogo chenye mfuniko. Ndani yake huwa kuna akamwani, yaani buni zilizochemshwa na kukaushwa, za kutafuna. Bagenda alifunua, akachukua moja, akaitafuna yeye kwanza kama ilivyo desturi, kisha akaninyooshea kikapu.

Nikasema, "Asante, hivi vitu nimeviacha. Daktari amenikataza, presha."

Halafu, kwa kuwa koo lilikuwa kavu, nikafungua mkoba, nikatoa chupa yangu ya maji, nikanywa.

Nilikunywa maji yangu ndani ya nyumba ya munywani wangu.

Sikuona chochote. Mama Kemi alifunika kikapu akakitundika kwenye msumari ukutani. Bagenda akaniuliza bei ya zabibu. Dereva nje hakuwa amezima gari. Baada ya dakika ishirini nikaaga, na Bagenda hakunisindikiza hata hatua moja nje ya mlango. Nikadhani ni miguu yake.

Jumapili tukitoka ibadani, Adelina alinivuta pembeni, mbali na watu.

"Kaka, umefanya nini kwa Bagenda?"

"Nimemsalimia."

"Mama Kemi kamwambia mtu, na mtu kaniambia mimi. Mume wake katembelewa na mtu anayemdhania mchawi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mwenye nyumba katafuna mbele yako ili uone haina sumu. Wewe ukakataa, ukatoa maji yako kwenye mkoba. Ungemtukana ingekuwa nafuu, tusi huombewa radhi."

Nakiri hapa, kwa sababu sijakiri kwake: nilijua. Desturi hiyo niliijua kabla ya kujua kusoma. Ungeniomba nikuandikie kurasa kumi juu yake, ningeandika bila kufungua kitabu. Kichwa kilikumbuka. Mkono ndio ulikuwa umesahau, ukajiendea wenyewe kwenye mkoba.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba halina njia ya kurudi. Mwenyeji aliyekataliwa hatoi mara ya pili. Mgeni naye haombi kahawa. Anayeomba ni mtoto. Nilimwambia Adelina nitapiga simu nieleze habari za presha. Akasema, "Piga. Ndiyo utakuwa umemaliza kabisa."

Daktari mwenyewe, nilipomuuliza tena juzi, alisema hakukataza buni mbili. Alikataza vikombe vinne kwa siku, na hivyo vilikuwa vya Dodoma.

Jana jioni niliamua. Nitakwenda kwa miguu yangu mwenyewe, kwa maana ya magurudumu yangu mwenyewe, kama tulivyokuwa tukiendeana zamani. Na sitabeba maji. Nitafika na kiu ya kweli, ili nisiwe na budi kunywa ya kwake. Baada ya hapo sikujua. Niliona kwamba mtu akishafika na kiu, angalau ana jambo moja la kweli la kusema.

Baiskeli yangu ilikuja nami juu ya basi kutoka Dodoma. Ni ya gia, tairi zake ni nene kiasi, za changarawe. Huko niliendesha miaka mingi katikati ya mashamba ya zabibu ya Hombolo, kwenye njia nyembamba inayofuata mfereji wa umwagiliaji. Maji upande mmoja, mistari ya mizabibu kwenye nyaya upande mwingine, na mchanga mwekundu unaonguruma chini ya tairi. Nchi ni tambarare. Unaona bati la nyumba unayokwenda saa nzima kabla hujafika, na unapata muda wa kupanga maneno. Huku kilima kinaficha nyumba mpaka uwe mlangoni.

Nilitoka saa mbili, ndani ya ukungu. Adelina alisimama uani na ufagio.

"Na kaptula hiyo utapita mbele ya hospitali? Manesi watakucheka."

"Wacheke. Watakuwa wametibu kitu."

"Chupa umeisahau mezani."

"Sijaisahau."

Akanitazama. Akatazama chupa, kupitia dirishani. Kisha akaniita mjinga kwa Kinyambo, kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia mama, na akafungua geti.

Sehemu ya kwanza ilikuwa rahisi. Barabara ya changarawe ilikuwa bado na umande, vumbi limelala. Kahawa inaiva sasa. Kando ya barabara matawi yameinama, mekundu na kijani kwenye tawi moja. Migomba inadondosha maji ya ukungu. Watoto wa shule walinipigia kelele za shikamoo kwa kundi, na nilipokuwa nimeitikia wa mwisho, wa kwanza alianza tena.

Kwenye mlima wa kwanza nilishuka nikasukuma. Mbele yangu kulikuwa na mtu anayesukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi. Tukaenda sambamba. Alitazama baiskeli yangu kwa muda mrefu, hasa nyuma.

"Shikamoo mzee. Hii haina karia?"

"Marahaba. Haina."

"Sasa unabebea nini?"

"Najibeba mwenyewe."

"Ah," akasema, akafikiri. "Basi hata wewe una mzigo."

Nilicheka mpaka pumzi ikakata, na haikuwa imebaki nyingi.

Nyakasimbi nilikuwa nimekauka. Sikuwa nimehesabu vizuri. Nilidhani kiu ingekuja polepole kama mgeni mwenye adabu, lakini ilikuja yote kwa pamoja kwenye mlima wa tatu. Kuna duka pale lenye friji ya mlango wa kioo. Nilisimama mbele yake. Soda ya machungwa ilikuwa inatoa jasho kuliko mimi. Muuzaji, mama mmoja mnene mwenye kanga kiunoni, akasema, "Karibu mzee, nikufungulie?"

Naandika ukweli: nilishaingiza mkono mfukoni.

Niliwaza kwamba hakuna atakayejua. Bagenda hakuwepo pale. Soda moja, na mwili wa mzee una haki zake. Kisha nikakumbuka kwamba hata ile chupa hakuna aliyenituma kuitoa kwenye mkoba. Nikamuuliza yule mama njia ya kushuka bondeni, akanionyesha kwa kidevu, na nikaondoka haraka kama mtu aliyeiba.

Bondeni ndipo nilipofurahi. Ukiteremka kutoka pale unafika kwenye mafunjo, na watu wamechimba mfereji mrefu wa kutoa maji ili walime mboga kiangazi. Njia inapita juu ya ukingo wa mfereji, upana wake kama mkeka uliokunjwa. Sikutegemea. Nilipopandisha tairi juu ya ukingo ule, mikono ilijua la kufanya. Macho mbele, usukani mlegevu, usitazame maji. Kwa dakika kumi hivi nilikuwa na miaka arobaini, nikienda kukagua mizabibu ya watu.

Mama mmoja alikuwa akimwagilia kabichi kwa kopo. Aliponiona alisimama wima.

"Babu! Ukianguka usiniharibie kabichi!"

"Za kwako ni upande upi?"

"Kulia!"

"Basi nitaanguka kushoto."

"Angukia hukohuko, za shemeji yangu hizo!"

Sikuanguka. Lakini mwisho wa mfereji kuna daraja la magogo mawili, na hapo goti lilipinda vibaya nilipokuwa nikibeba baiskeli. Kilima cha mwisho nilikipanda nikiegemea usukani kama mkongojo. Maji ya mfereji yalikuwa yakisikika nyuma yangu muda wote. Ulimi ulikuwa umeshikana na kaakaa.

Nilifika kama saa sita. Bagenda alikuwa mbele ya nyumba, anageuza kahawa juu ya chekeche ya waya kwa kiganja, taratibu. Ni mwembamba kuliko ninavyomkumbuka, na bega la kushoto liko chini. Alinitazama mimi, akaitazama baiskeli, akatazama njia niliyotokea.

"Gari limeharibika?"

"Sikuja na gari."

"Na maji yako?"

"Nimeyaacha Nyakahanga. Naomba ya hapa."

Aliendelea kugeuza kahawa. Mstari mmoja, mstari wa pili. Kisha akaita kuelekea ndani, bila kugeuka, "Mama Kemi! Kuna mtu ana kiu huku."

Mtu. Hakusema mgeni, hakusema munywani. Nilistahili.

Mama Kemi alileta jagi na kikombe cha bati. Nilikunywa vikombe vitatu nikiwa nimesimama, maji yakanimwagikia kifuani. Yana ladha ya moshi kidogo, kama yale ya utotoni. Bagenda alinitazama nikinywa jinsi mtu anavyomtazama mbuzi anayetaka kumnunua, akichunguza koo. Nilipomaliza nikarudisha kikombe kwa mikono miwili, na yeye akasema, "Kaa."

Nikakaa. Kupitia mlangoni nilikiona kikapu kwenye msumari wake.

Hakikuletwa.

Tuliongea habari za mvua iliyowahi kukatika. Tuliongea habari za watu waliokufa, na orodha ilikuwa ndefu. Niliinuka nikaanza kugeuza kahawa kwenye chekeche ya pili, hakunizuia. Kila mara nilipotaka kuanza sentensi ile, niliiona inaanza na neno "daktari," nikaimeza. Saa nzima ilipita hivyo. Nilianza kuwaza kwamba nitarudi kama nilivyokuja, na goti bovu juu yake.

Aliyetuokoa ni Mama Kemi. Alitoka na sufuria tupu, akaiweka miguuni pangu kwa kishindo.

"Nyie wazee jua linawaacha. Mimi kahawa ya kutafuna imebaki kidogo, na Jumapili nina wageni. Mti wa nyuma ya jiko una buni za kijani tele. Hapa kwangu mwenye mikono hachumiwi."

Akarudi ndani. Bagenda alitazama sufuria, mimi nikatazama sufuria. Hakuna aliyekuwa ametoa, na hakuna aliyekuwa ameomba.

Nikaichukua.

Mti wenyewe ni mzee, shina lake limekatwa na kuchipua mara nyingi. Nilianza na matawi ya chini. Nyuma yangu nikasikia hatua zake zikiburuzika.

"Bwana shamba," akasema, "si nyie mlikuwa mnapita na vipaza sauti? Kahawa mbichi isichumwe!"

"Hiyo ni ya kuuza. Hii ni ya kula."

"Kumbe unajua tofauti."

"Nilijua. Bagenda, nilijua, na nikafanya vile vile."

Hayo ndiyo maneno yote niliyosema. Nilikuwa nimepanga mengine mengi, mazuri zaidi.

Niliendelea kuchuma. Matawi ya chini yalikwisha, na ya juu mkono wangu haufiki tena. Nilijinyoosha mara mbili nikakosa. Ndipo mkono wake wa kulia ulipopita juu ya kichwa changu, ukashika tawi, ukalivuta chini, akalishikilia pale nichume. Lilikuwa zito. Nilichuma haraka. Alisogea kwenye tawi jingine kabla sijamwambia. Tulifanya hivyo mpaka sufuria ikajaa, na wakati mmoja alisema, akionyesha kaptula yangu, "Miguu hii ilikuwa mibaya tangu zamani," na nikajua nimeshaingia ndani ya nyumba.

Mama Kemi alibandika sufuria jikoni na majani ya mchaichai. Zinachemka mpaka jioni, halafu zinaanikwa. Huwezi kuharakisha. Mpaka naondoka sikuwa nimetafuna hata moja. Zile za kikapuni zilibaki pale pale ukutani, na nadhani zitamalizwa na watu wengine. Hizo nilizikataa. Zimekwenda.

Saa nane niliaga. Bagenda alichukua fimbo yake akatoka nami. Alinisindikiza mpaka ilipo miramula ya kibanja chake, akasimama kidogo, akaipita, akaenda nami hatua kama hamsini hivi kwenye njia ya jirani. Nilizihesabu, kwa sababu mara ya kwanza hazikuwepo.

"Jua likiwa hivi, Jumapili zitakuwa zimekauka," akasema. "Mimi ndiye nitaanza kutafuna. Usije ukasema hukuona."

"Nitaona."

"Na ukija na gari, munywani, nitampa dereva."

Akageuka akarudi. Hakusubiri kuona kama ninaweza kupanda baiskeli, na nashukuru, kwa sababu ilinichukua mara tatu.

Kurudi nilipita barabara kubwa, milima yote nikisukuma. Nyakasimbi yule mama wa duka alinikumbuka. Nilikunywa soda ya machungwa, ya moto kidogo maana umeme ulikuwa umekatika, nikamlipa, nikamwambia Jumapili nitapita tena.

Adelina amerudi sasa hivi na kitambaa kingine. Nimemweleza yote. Amesikiliza akiwa amesimama, kisha ameuliza kama nimetafuna. Nimesema bado. Ameguna. Ameniuliza kama Jumapili nitakodi gari kwa ajili ya goti, nami nimesema hapana. Amechukua ile chupa mezani, akamwaga maji yake kwenye maua, akaingia nayo stoo. Anasema itafaa kuhifadhia mbegu za maharage.

Mnyororo nimeshaupangusa. Kesho nitaupaka mafuta, na nitaangalia breki ya nyuma inayolia.

Goti lina siku nne.